Nani Aitwe Mfadhili?

Neno "mfadhili" twalisikia mara kwa mara: kanisa likipata mabati, zahanati ikiletewa dawa, mtoto akilipiwa karo. Ni neno zuri, nalo lina masharti mawili. Mfadhili hutoa asichodaiwa, tena hutoa kwa hiari yake. Sharti moja likikosekana, tutafute neno jingine.

Tutazame Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Huko kampuni ya Union Minière ilichimba urani, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika mgodi huo. Kampuni iliwajengea wafanyakazi wake wa Katanga nyumba, shule na hospitali, ikawapa posho. Nao watu wakazoea kuiita baba yao.

Je, zile zilikuwa fadhili? Nyumba na posho vilikuwa sehemu ya ujira, na ujira ni deni. Alipaye deni atenda haki. Asifiwe kwa haki yake, lakini asivikwe jina la mfadhili. Papa Pius XI, katika barua yake "Quadragesimo Anno" ya mwaka 1931, alifundisha kwamba sadaka haiwezi kushika mahali pa haki iliyozuiliwa.

Mwaka 1946 Marekani ilimpa nishani Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, kwa kuwapatia madini hayo. Wachimbaji walioyatoa ardhini hawakuambiwa yangefanya kazi gani. Basi, tuwaite wao wafadhili? La. Mtu asiyeulizwa hakutoa, alitwaliwa. Hao si wafadhili, ni wadai.

Bwana wetu alilijua jina hili. Katika Injili ya Luka, sura ya 22, asema kwamba wenye kuwatawala mataifa huitwa wafadhili. Kisha awaambia mitume kwamba kwao isiwe hivyo, bali mkubwa awe kama mtumishi.

Na wafadhili wa kweli wako wapi? Yuko mjane anayemgawia yatima wa jirani bukari yake kidogo, wala hangoji kutajwa. Hakudaiwa, hakulazimishwa. Wazee walisema: tenda wema, nenda zako.

Sisi nasi tujichunguze. Mtumishi wa nyumbani akingoja mshahara wa miezi miwili, tusimpe nguo kuukuu ili atushukuru. Tulipe kwanza, kisha tufadhili.