Elimu ya Lishe Inamdai Nani?

Mtoto aliyenenepa kupita kiasi tunamwita mlafi. Aliyedumaa tunamwita maskini. Tukifunua sufuria za kwao, mara nyingi tunakuta utapiamlo uleule: shibe isiyojenga mwili. Chai yenye sukari nyingi, andazi na chipsi hushibisha upesi kwa bei ndogo, ilhali mayai, maharage na matunda yanataka fedha, kuni au muda. Ndiyo maana nyumba moja yaweza kuwalea watoto wote wawili. Suala la lishe, basi, ni suala la haki pia: tunapotoa elimu, tunamdai nani wajibu?

Wapo wasemao kwamba mbele ya sufuria tupu mafunzo ya lishe ni porojo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kila kitu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mavuno, kiwango kilikuwa nusu hivi au zaidi. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Mahindi peke yake hayamkuzi mtoto, na mama anayeshinda shambani hapati nafasi ya kumlisha mara kwa mara. Hapo elimu ina kazi, mradi baba naye afundishwe.

Wengine huvuka mpaka upande wa pili: aliyefundishwa asipofuata, amejitakia. Lakini wajibu hauzidi uwezo. Sura ya Al-Baqara katika Qurani inakataa nafsi kubebeshwa isichokiweza. Mchumi Amartya Sen naye alionyesha mwaka 1981 kwamba watu hufa njaa hata chakula kikiwapo, kwa kukosa njia ya kukipata. Kumhimiza mama anunue matunda asiyoyamudu ni kumwongezea lawama tu. Na mtoto je? Sheria ya Kiislamu haimwandikii dhambi asiyebaleghe. Sisi tunamwandikiaje uzito wake? Hakupanga bei ya soda, wala hakuchagua kinachouzwa langoni mwa shule. Kwa hiyo elimu ya lishe humfunga kwanza anayeitoa. Shule inayochora makundi ya vyakula ubaoni asubuhi, kisha saa ya mapumziko ikawauzia wanafunzi soda na biskuti, haiwezi kujitetea kwamba haikujua.