Nyuki ni wa Nani?

Katika misitu ya miombo ya kaskazini-magharibi mwa Zambia, wafugaji huitundika mizinga ya gome mitini ikiwa mitupu, kisha hungoja. Msimu wa maua ukifika, nyuki waliojaa mahali pamoja hugawanyika: malkia mzee huondoka na wengi wao kutafuta makao mapya. Bumba hilo likiingia mzingani, mtu husema, "Nyuki wangu."

Je, ni wake kwa haki gani? Hakuwanunua wala hakuwalea. Sheria ya Kirumi, iliyokusanywa kwa amri ya Justinian na kutolewa mwaka 533, ilihesabu nyuki kuwa viumbe vya porini. Bumba likimpotea mwenyewe machoni, huwa mali ya atakayelitwaa kwanza. Sheria hiyo yaweza kumaliza ugomvi wa majirani, lakini swali letu yaliacha palepale, maana huwatazama watu tu.

Asali ni akiba ya nyuki kwa siku zisizo na maua. Arinaye masega yote huwaachia njaa, nao huhama. Basi mzinga ni mali ya aliyeuchonga; nyuki ni wageni wake, na haki yake ya kurina huishia pale chakula chao kinapoanzia.