Je, Yajuzu Kumpasua Mzazi Aliyekufa?

Mwaka jana kijana mmoja wa mji wetu, aliyekwenda Eldoret kwa kazi, alifiwa na mkewe siku ya tatu baada ya kuzaa. Alishikwa na homa, kichwa kikamuuma, kisha akaanza kutupwa na kifafa, na kabla ya alfajiri akawa amekwisha kufa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Madaktari walidhani ni kifafa cha mimba, lakini homa ile iliwatia shaka, basi wakamwomba mume idhini ya kuupasua mwili wapate yakini. Mume akawapigia simu wazee. Wazee wakajibu kwa neno moja kwamba maiti ya Muislamu haikatwi, na usiku ule ule likakodiwa gari la kumleta pwani azikwe kwao.

Hatuwalaumu. Lau tungaliulizwa sisi usiku ule, na kilio kimejaa nyumba, huenda tungalisema vivyo hivyo. Lakini mwaka huu mdogo wake marehemu amechukua mimba, na kwenye kliniki ameulizwa: dada yako alikufa kwa nini? Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Na swali lile si la udadisi. Kifafa cha mimba chaweza kwenda kwa ndugu na ndugu, na mwenye kuchelewa kwacho hupimwa shinikizo la damu mara kwa mara, na pengine hupewa aspirini kidogo kidogo tangu miezi ya mwanzo. Ama kama dada yake aliuawa na malaria, au na homa ya uti wa mgongo, mambo ni mengine kabisa.

Tulipolizungumza jambo hili katika darsa yetu, tulipata khabari ya pili iliyotuhuzunisha zaidi. Kabla ya arubaini kwisha, baadhi ya jamaa walikuwa wamekwisha kwenda kupigiwa ramli, wakaambiwa kwamba ni jini aliyetumwa, na aliyemtuma wakamdhania mtu wa upande wa mume. Nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana vyakula leo hazisalimiani. Basi si kweli kwamba jamaa wale hawakutaka kujua sababu. Walitaka sana. Ila waliukataa upasuaji, ambao wanazuoni wamekhitilafiana juu yake, wakauendea mlango wa ramli, ambao hapana mwanachuoni anayeuhalalisha.

Wenye kukataza wana hoja yenye uzito. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Lakini twajiuliza: aliye hai, je, hakatwi kamwe? Hukatwa kila siku hospitalini, kwa haja na kwa adabu, na hapana anayeita jambo hilo dhuluma. Kilichokatazwa ni kuvunja heshima. Na vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vimesema tangu zamani kwamba mwanamke akifa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuishi, tumbo lifunguliwe. Wakazidi wakasema kwamba aliyemeza kito cha mwenziwe kisha akafa, mwenye mali akidai, tumbo hufunguliwa kito kirejeshwe. Basi ikiwa lafunguliwa kwa ajili ya kito, uhai wa mdogo wake maiti una thamani gani? Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha mwaka 1987, lilijuzisha kupasua maiti kwa kutafuta sababu ya kifo katika jinai, na kwa kuyajua maradhi ili walio hai wakingwe.

Huenda mtu akasema: daktari aliyemwuguza amekwisha jua, kisu cha nini? Mjini Maputo, katika nchi ya Msumbiji, wazazi 139 waliofia hospitali kuu ya huko kati ya 2002 na 2004 walipasuliwa, na yaliyoonekana yakalinganishwa na yale madaktari waliyoandika. Zaidi ya nusu hawakufa kwa uzazi wenyewe. Walikufa kwa Ukimwi, kwa homa ya mapafu, kwa malaria kali, kwa homa ya uti wa mgongo. Na katika wanne kwa kila kumi, madaktari walikuwa wamekosea kosa kubwa. Na ugonjwa waliouandika mahali usipokuwapo kuliko mwingine wote ni kifafa cha mimba. Kenya nayo ilitoa mwaka 2017 ripoti yake ya kwanza ya uchunguzi wa vifo vya wazazi, na kutokwa na damu kukaonekana ndiko sababu kubwa. Ripoti ile yafaa sana, lakini ilitegemea kusoma majalada, na jalada haliwezi kusema ila alichokidhani aliyeliandika.

Wako pia wasemao kwamba siku yake ilikuwa imefika, na kwamba afaye kwa uzazi ni shahidi. Yote mawili twayaamini. Lakini Sayyidna Umar alipoepuka kuingia Sham kwa sababu ya tauni, hakuona kwamba ameikimbia kadari. Aliona kwamba ametoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake. Ushahidi ni daraja ya yule mama. Sisi tulioachwa haututolei udhuru.

Hatusemi mlango uwe wazi bila ya bawabu. Daktari apaswa kuomba idhini kwa upole na kueleza atakalolifanya. Mwili wa mwanamke usitirike, na wanawake watangulizwe kwake inapowezekana. Kazi ifanywe upesi, kisichohitajika kisiguswe, na kilichotolewa kirejeshwe na kushonwa. (Tena wanaohoji kwa kuchelewa maziko wakumbuke kwamba maiti ile ilisafirishwa kutoka Eldoret hadi pwani, na wanazuoni wetu hawakuipenda safari ya namna hiyo.) Iko na njia iliyo nyepesi zaidi, iliyojaribiwa huko huko Maputo: sindano huchukua vipande vidogo vya viungo bila ya kufungua kifua wala tumbo, na majibu yake hukaribia yale ya kisu, khasa katika magonjwa ya kuambukiza. Kisumu, ambako si mbali na Eldoret, imetumiwa kwa watoto wadogo waliofariki. Kwa wazazi yafaa tuidai.

Mdogo wake marehemu sasa yuko katika mwezi wa saba. Katika kitabu chake cha kliniki, mahali pa kuandika maradhi ya jamaa, muuguzi ametia alama ya kuuliza.