Fundo la Kuvuta na Mguu wa Mrina Asali

Mashariki ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, ardhi inashuka taratibu kuelekea bonde la Malagarasi na pori la Moyowosi. Huko ndiko kwenye miombo, na penye miombo pana nyuki. Waha wamerina asali katika misitu hii tangu enzi za mababu, na mizinga ya magogo na ya magome hutundikwa juu mitini ili nyegere, siafu na moto wa kiangazi visiifikie. Kwa hiyo anayetaka asali ya mtini hana budi kukwea, na mara nyingi hukwea usiku, nyuki wanapokuwa wametulia kidogo.

Kisa ninachokisimulia ni cha mfano. Nimekiunga kwa mambo yanayoweza kumkuta mrina yeyote, ndiyo maana hakina jina la mtu. Aliyeumia ndani yake hakuwa mzembe wala mjuaji. Alikuwa kijana mwenye akili, aliyetaka kutatua tatizo la kweli, na funzo lake linamhusu kila anayeuning'iniza mwili wake kwenye kamba, awe anafuata asali au anakwea na wenzake kwa kujifurahisha siku ya Jumapili.

Palikuwa na mzee mmoja, mrina wa siku nyingi, aliyekuwa akienda porini na mpwa wake. Mzee alijua fundo moja tu: alizungusha kamba kwenye tawi, akafunga, akafunga tena juu yake, akakaza kwa meno. Kiangazi kimoja walikuwa wakishusha mzinga uliojaa. Katikati ya njia mzinga ukakwama kwenye panda ya mti, kamba ikatakiwa kulegezwa, na fundo likagoma. Uzito wote ulikuwa umelikaza likawa gumu kama jiwe. Mzee alihangaika nalo kwa kucha, nyuki wakaanza kumwandama, mwishowe akachomoa panga na kukata. Mzinga ukaanguka, masega yakapondeka, na wote wawili wakatimua mbio.

Walipopata pumzi kijana akasema, "Mjomba, lazima liwepo fundo linalofunguka bila panga."

"Basi litafute, mjomba," mzee akajibu.

Alilipata kwenye simu. Ni fundo la mikunjo mitatu. Mkunjo wa kwanza unapita nyuma ya tawi. Wa pili, unaotoka upande wa kamba utakaobeba uzito, unaingizwa ndani ya wa kwanza. Wa tatu, unaotoka upande wa mkia, unaingizwa ndani ya wa pili, kisha kamba inakazwa. Hapo zinaning'inia kamba mbili: ukijitundika kwenye moja, fundo linashika, ukiivuta ya pili, fundo zima linaachia na kamba yote inakuangukia mkononi. Kwa mtu mwenye kamba moja tu, asiyetaka kuiacha juu ya mti, lilikuwa jibu la maombi yake.

Akalijaribu kwenye mwembe nyuma ya jiko. Alishika kamba, akainua miguu, fundo likashika. Akavuta mkia, likafunguka. Watoto wakapiga makofi. Jaribio likaishia hapo.

Usiku wa mavuno mzee alimmulikia tochi kutoka chini na kuliona fundo lile geni juu ya tawi.

"Hilo ndilo la kwenye simu?"

"Ndilo, mjomba. Upande huu linashika, upande huu linafunguka."

"Haya."

Kazi ilikwenda vizuri. Moshi ulitosha, asali ilitoka, ndoo ikashushwa. Kijana akaanza kuteremka kwa mikono, kamba mbili za rangi moja zikiwa zinagusana mbele ya kifua chake gizani. Alipofika kama mita nne kutoka ardhini, nyuki alimchoma chini ya jicho. Akaachia mkono mmoja ajifute. Mkono uliporudi ulishika kamba ya pili, na uzito wake ukaufuata mkono huo. Fundo likafanya kile kile lilichofanya kwenye mwembe. Alianguka juu ya mizizi, na mguu ukavunjika chini ya goti. Mzee aliufunga kwa fito na shuka, akaacha asali palepale, akaenda kutafuta watu wa kumbeba hadi barabarani.

Wapo watakaosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa mkuu hakusema lolote la kusikiwa. Aliona kitu asichokijua, akasema "haya." Kama angeuliza swali moja tu, linafunguliwa na nini, kijana angelazimika kujibu: linafunguliwa na mkono wowote utakaovuta mkia. Angelisikia jibu hilo kwa masikio yake mwenyewe kabla ya kupanda. Mkono wowote maana yake ni pamoja na mkono wake mwenyewe gizani, mkono wa mtoto anayecheza chini, kijiti kilichonasa mkia, au mpini wa ndoo inayoteremka kando yake.

Hapo ndipo uchaguzi wa fundo unapoanzia. Wengi huuliza kama fundo linashika, na karibu kila fundo litashika ukiliegemea kidogo. Linaloua ni namna linavyofunguka. Fundo linalobeba uhai linapaswa kufunguliwa na mtu mmoja anayejulikana, kwa vitendo viwili vya makusudi. Fundo la kijana yule lilifunguliwa na yeyote, kwa mvuto mmoja. Lafaa kufungia mbuzi au ndoo tupu, basi.

Wala fundo la mzee si dawa. Fundo lisilofunguka kabisa nalo ni hatari, kwa sababu siku aliye juu atakapozidiwa na sumu ya nyuki au kizunguzungu, aliye chini hatakuwa na njia ya kumshusha. Kuna njia ya katikati, na haihitaji kifaa cha dukani. Kamba inapitishwa juu ya tawi nene lililo hai na kurudishwa chini, kisha inazungushwa shina la mti huohuo mara tatu au nne karibu na ardhi. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba kazi, kwa msuguano wa kamba na gome. Mwisho wake unafungwa kwa fundo la mkunjo, na mkia unapitishwa ndani ya mkunjo huo na kufungwa tena ili usivutike kwa bahati mbaya. Aliye chini akitaka kushusha, anafungua kwanza mkia, anavuta mkunjo, halafu anaiachia kamba polepole huku mizunguko ikimsaidia kuzuia. Hivyo mzinga unateremka bila panga, na mtu aliyezimia anateremka bila kuanguka.

Njia hii ina deni lake, nalo lazima lilipwe kabla. Kamba ikipita juu ya tawi na kushikwa chini, tawi linabeba uzito wa mtu pamoja na mvuto wa upande wa pili, yaani karibu mara mbili ya uzito wake. Kabla mtu mmoja hajapanda, watu wawili wajining'inize kwenye kamba hiyo karibu na ardhi na kusikiliza tawi. Likilia, watafute jingine.

Kwa kamba inayofungwa kiunoni, kitanzi cha mabaharia kisichojikaza kinatosha: hakimbani mtu, na uzito ukiondoka kinafunguka kwa vidole. Udhaifu wake ni kwamba kamba ikilegea na kukaza mara kwa mara huweza kujifungua chenyewe. Kwa hiyo mkia wake uachwe mrefu na ufungwe fundo la pili. Hapo napo ni vitendo viwili, na mfunguaji ni mmoja.

Mwaka 1983 huko Atlanta, Marekani, Peter Jenkins alianzisha shule ya watu wanaokwea miti kwa starehe tu. Miongoni mwa wakwezi wa aina hiyo kuna desturi ambayo warina wa Kibondo na Kasulu wanaweza kuichukua bila kulipa senti: fundo jipya hujaribiwa chini na taratibu, miguu ikiwa karibu na ardhi, hadi mikono iizoee kazi yake.

Jaribio lenyewe lifanane na kazi. Kamba ya plastiki inateleza kuliko ya katani, kwa hiyo fundo lililoshika kwenye kamba ya mbuzi lisidhaniwe kwamba litashika kwenye kamba mpya ya dukani. Tumia kamba ile ile utakayopanda nayo, kavu, kisha iloweshe ujaribu tena. Tundika uzito uliozidi wako: jaza mchanga mifuko miwili ya saruji. Ukipima kwa ndoo, kumbuka kwamba ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, lakini ikijaa asali inafika kilo 28. Uzito ukiwa umening'inia, uinue na uushushe mara nyingi, utikise, ulegeze kamba na kuikaza, maana mafundo mengi hushika uzito uliotulia na kuachia uzito unaochezacheza. Mwisho, fumba macho, ushike kila kamba inayoning'inia na kuivuta, moja baada ya nyingine. Kama ipo moja inayofungua fundo kwa mvuto mmoja, umeshajua kitakachotokea usiku.

Kijana wa mwembe alipima sekunde chache, mchana, mikono yake ikiwa mitupu na nyuki wakiwa mbali. Alipima kama fundo linashika na kama linafunguka, akapata majibu mawili ya kweli. Hakupima kama linaweza kufunguka asipotaka.

Basi kila anayemshikia mwenzake kamba, mkubwa au mdogo, asione haya kuuliza, na aliye juu asione amedharauliwa. Aulize fundo linafunguliwa na nani, na kwa vitendo vingapi. Jibu lisipotaja mtu mmoja na vitendo viwili, mkwezi ashuke, fundo lifungwe upya, hata kama moshi umeshawashwa na nyuki wanasubiri. Mzinga utakuwepo kesho.