Kudai Haki kwa Kipimo

Ndugu msomaji, liko jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa ni la ofisi na makaratasi tu, nalo kwa hakika ni jambo la tabia na uchamungu. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyegongwa gari lake, naye hana kosa, adai nini kwa bima ya yule aliyemgonga, na adai vipi? Je, kudai ni uroho, na kunyamaza ndiyo subira? Au kwa kuwa kampuni ya bima ni tajiri, basi mtu achukue awezacho? Tumeona bora tulieleze kwa kisa kilichotufika wenyewe.

Tulitoka Tanga, mimi, shemeji yangu na shangazi yake, kwenda Tabora kwenye arusi ya jamaa zetu. Watu wa pwani na watu wa Tabora ni jamaa wa zamani. Ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, na kutoka hapo mpaka Ujiji, ilipeleka nguo na shanga na kurejesha pembe. Ilipitisha na watumwa pia, dhulma ambayo hatuna budi kuikiri. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wa pwani wamekwisha jenga na kukaa. Mali nyingi katika njia ile ilichukuliwa kwa amana: mtu alipewa bidhaa Unguja kwa ahadi yake, akaenda bara miezi na miaka, kisha akarudi kulipa. Leo malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Singida, Igunga na Nzega, na pale Nzega ndipo anapokata kushoto mwenye kwenda Tabora.

Katika wilaya hiyo ya Nzega, ambako mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulifunguliwa mwaka 1998 na sasa umekwisha fungwa, iko kata iitwayo Lusu. Tulipita huko kumchukua mpwa wetu mchimbaji mdogo, ili twende naye arusini. Asubuhi ng'ombe walikuwa wakivuka njia, shemeji akasimamisha gari. Pikapu iliyokuwa nyuma yetu haikusimama. Ilitupiga, mlango wa nyuma ukabonyea, bampa ikakatika, taa zikavunjika, na shangazi akateguka kiwiko.

Dereva alikuwa kijana wa hapo hapo, na pikapu ni ya tajiri wake. Aliteremka akitetemeka. Haikupita saa mama yake akafika, amebeba kuku mkononi, akatuamkia kwa adabu zote za Kinyamwezi, akasema, "Baba zangu, mwanangu huyu ndiye anilishaye. Msimfunge." Shemeji akamjibu, "Mama, tumekwisha msamehe. Ajali haina kinga." Na kweli alimsamehe kwa moyo safi. Kuku tulimrudishia.

Polisi wakaja, wakapima, wakachora ramani ya mahali pa ajali. Shangazi akapewa PF3 akaenda kutibiwa. Ndipo tukatazama habari ya bima. Gari letu lilikuwa na bima ndogo, na pikapu ile vile vile. Bima hii ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Sheria yenyewe inalazimisha kinga ya kifo na majeraha ya watu wengine. Mali ya wengine hulipwa kwa mujibu wa mkataba wa bima. Bima ndogo haimtengenezei mtu gari lake mwenyewe. Ni ya madhara anayowafanyia wengine. Mwenye bima kubwa huenda kwa kampuni yake akatengenezewa, nayo kampuni ikamdai mwenzake. Lakini sisi tumaini letu lote lilikuwa katika bima ya aliyetugonga.

Kampuni ile, ambayo jina lake hatulitaji kwa kuwa makusudio yetu si kushitaki, ikatwambia: leteni ripoti ya polisi, ripoti ya mkaguzi wa magari, na nakala ya hukumu ya mahakama inayoonyesha kuwa dereva alikuwa na kosa. Basi ikatulazimu kurudi Nzega kutoa ushahidi juu ya kijana yule yule tuliyemsamehe. Mama yake alitukuta nje ya mahakama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Si mlisema mmesamehe?"

Ndugu msomaji, neno lile lilituuma. Shemeji aliinama akawa kimya, na mimi nikatamani turudi Tanga tuliache jambo lote. Aliyejibu ni shangazi, na mkono wake ungali umefungwa kitambaa. Alisema, "Dada yangu, kiwiko changu ni changu, nimekusamehe. Lakini nikiulizwa kilichotokea, ukweli si mali yangu hata niusamehe." Maana ya maneno hayo imo katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ambapo waumini wameamrishwa kusimama na uadilifu katika ushahidi, ijapokuwa ni juu ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao, awe mtu tajiri au masikini. Msamaha ni kuacha kisasi na kinyongo. Kusema kuwa lililotokea halikutokea ni jambo jingine kabisa. Kijana mwenyewe alipoulizwa alikiri kosa, akatozwa faini, na shemeji akatia mkono mfukoni akamsaidia nusu yake. Mama yule akatuaga kwa heshima.

Wako watakaosema: kama kweli mmesamehe, ya nini kudai fidia? Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwingine akamletea chakula katika bakuli. Mwenye nyumba akampiga mtumishi mkono, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume hakukemea wala hakumwaibisha mtu. Aliokota vipande, akakusanya chakula, akamtolea mkewe udhuru kwa waliokuwapo kuwa ni wivu tu. Lakini hakumwachia mtumishi aende mikono mitupu. Alimzuia mpaka likaletwa bakuli zima kutoka nyumba ile ile lilimovunjikia la mwenziwe, akalipeleka kwa mwenye kuvunjiwa, na lile bovu likabaki kwa aliyelivunja.

Tazama mambo matatu humo. Kwanza, hapana ukali. Pili, hapana kuchelewesha. Tatu, bakuli kwa bakuli. Si nusu bakuli, wala si mabakuli mawili. Upole haukuiondoa fidia, na fidia haikuuondoa upole.

Ama kuhusu kampuni ya bima yenyewe, wanavyuoni wamezungumza mengi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, liliamua kuwa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu haijuzu, na badala yake likapendekeza bima ya kusaidiana. Lakini aliyegongwa hakufunga mkataba wowote na kampuni ile. Yeye ana deni juu ya aliyemharibia, na kampuni inalipa kwa niaba ya mdaiwa. Kwa hiyo, kwa fahamu yetu, kuchukua kiasi cha hasara yake ni kupokea haki yake, na kila kinachozidi hasara ile si chake. Wala fikira ya mzigo wa kosa kubebwa na wengi si ngeni katika sheria yetu: aliyeua kwa bahati mbaya, diya yake hubebwa na jamaa zake wa kiumeni kwa miaka mitatu, ingawa mali iliyoharibiwa hulipwa na mwenye kuiharibu mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye mtihani wenyewe. Gari tulilikokota mpaka gereji mjini Tabora. Fundi wa bodi akahesabu vipuri, kunyoosha na rangi, ikawa 1,850,000. Kisha akamvuta shemeji pembeni: "Bwana, hawa watu wa bima hukata daima. Ukiwapelekea moja na laki nane na nusu, watakupa moja na mbili. Nikuandikie mbili na laki sita, upate yako kamili." Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa huruma, kama amwonyeshaye mgeni njia ya mkato.

Shemeji akakataa, tukapeleka hesabu ya kweli. Miezi minne ikapita. Gari lile ndilo lililokuwa likimlisha, na sasa limelala gerejini. Kila tukipiga simu tunaambiwa faili liko mezani kwa fulani, na fulani yuko safarini. Mwisho wakatoa kauli yao: 1,200,000. Kama alivyobashiri fundi, bila kukosea! Na pamoja na fedha hizo walileta karatasi ya kutia sahihi, imeandikwa kuwa mdai ameridhika na hana dai lingine lolote tena. Shemeji akanitazama akasema, "Tumekuwa wakweli, tumeonekana wajinga." Siku ile sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata baadaye, nalo ndilo lililonifanya niandike. Fundi alisema kweli kuwa kampuni hukata. Lakini kwa nini hukata? Kwa sababu imezoea kuletewa hesabu zilizozidishwa. Na watu kwa nini huzidisha? Kwa sababu wamezoea kukatwa. Kila upande unasema mwenzake ndiye aliyeanza, na kati yao anasagwa yule aliyesema kweli. Basi mwenye kuzidisha haibii kampuni peke yake. Anamwibia atakayekuja nyuma yake, kwani amemfanya mkweli aonekane mwongo. Tena fedha za kampuni hazikuota mtini. Ni michango ya mwalimu, ya mwenye daladala, ya kijana wa bodaboda. Na karatasi ya madai ni ushahidi kama ushahidi wa mahakamani. Hatuwezi kusema kweli mbele ya hakimu Nzega kisha tuseme uongo mbele ya karani wa bima. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na mwenye kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno yake amekatiwa kipande cha moto.

Na kampuni nayo isidhani kuwa imeepuka. Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwatishia wale ambao wakijipimia kwa watu hutimiza, na wakiwapimia watu hupunguza. Mchango wa bima hupokewa wote, tena kabla. Fidia hutolewa nusu, tena baadaye. Je, si kipimo kile kile? Na hadithi sahihi imekwisha sema kuwa tajiri kuahirisha kulipa deni ni dhulma. Karani anayeficha faili ili mdai achoke ajue kuwa anatumika katika dhulma hiyo, ijapokuwa mshahara wake ni mdogo.

Basi tulifanyaje? Karatasi ile hatukuitia sahihi. Tuliandika barua kwa adabu, tukaambatisha hukumu, picha, risiti za vipuri na za kulikokota gari, tukaomba waeleze kwa maandishi ni kitu gani walichokipunguza na kwa sababu gani. Zamani pasingekuwa na pengine pa kwenda: Tanzania Bara, tangu bima ilipotaifishwa mwaka 1967 mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango, bima ilikuwa mikononi mwa shirika moja la taifa. Siku hizi, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye mwananchi humpelekea malalamiko yake. Tukawaambia kwamba tusipojibiwa tutakwenda huko. Mtathmini akatumwa Tabora kulitazama gari kwa macho, jambo ambalo lilipasa kufanywa tangu mwanzo. Mwezi wa saba wakalipa 1,700,000.

Tulipungukiwa 150,000. Shemeji alizihesabu, akanyamaza, kisha akasema, "Hizi nimewaachia." Hapo ndipo penye tofauti. Mtu kuacha sehemu ya haki yake kwa hiari, naye anajua ni kiasi gani, ni sulhu, na sulhu ni kheri. Kunyang'anywa kwa uchovu na ujinga, kisha akajiita mwenye subira, huko si kusamehe. Na kumwachia fidia yote kampuni tajiri kwa haya tu, hali watoto wake hawana nauli ya shule, huko nako si uchamungu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likikufika kama hili, kumbuka haya. Msamehe dereva, usimtukane wala usimpige, kwani kosa lake leo laweza kuwa lako kesho. Waite polisi, andika namba ya gari, ya bima na majina ya mashahidi. Tunza kila risiti. Soma kabla ya kutia sahihi, na kama hujui kusoma, msomeshe unayemwamini. Usiongeze hata taa moja ambayo haikuvunjika siku ile. Wala usiogope kudai mara ya pili na ya tatu, maana mwenye haki ana ruhusa ya kusema.

Gari lile sasa linakwenda. Tulipopita Nzega mara ya pili, kijana yule alitupungia mkono barabarani, nasi tukampungia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaopima kwa haki, tunapotoa na tunapopokea. Amin.