Jumanne: Mama Aliye Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Eliya alipoomba afe, Mungu alimtendea nini kwanza?

Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi mara ya pili. Maswali yalingoja hadi Horebu.

Wapo akina mama wanaojifungua salama, mtoto ana afya, na bado wanalia. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Mara nyingi huisha ndani ya majuma mawili. Yakizidi hapo, akawa hapati usingizi hata mtoto alalapo, au anajiona hafai, huenda ni sonona. Ni ugonjwa, nao unatibika. Apelekwe kliniki. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tumwombee, naam, lakini kumwambia amepungukiwa imani ni kumtwika mzigo ambao Eliya hakutwikwa. (Wengi wetu huja kumwona mtoto tu; mama hata haulizwi amelalaje.)

Jadilini: Ni nani kanisani kwenu amejifungua karibuni? Juma hili nani atamfulia nguo, na nani atamshikia mtoto ili alale?