Kidonge Ndani ya Uji

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mficha dawa hawakutuachia neno, nasi yatupasa tulifikiri wenyewe, maana jambo hilo hutendeka majumbani mwetu, na aghalabu hutendwa na yule mwenye upendo kuliko wote.

Namfikiria mama ambaye mwanawe ameshikwa na maradhi ya akili. Kijana husikia sauti zisizosikiwa na wengine, huamini kwamba majirani wanapanga kumdhuru, na usiku halali. Hospitalini amepewa vidonge lakini hataki kuvimeza, kwa kuwa, asemavyo, yeye haumwi. Basi mama husaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, hukikoroga katika uji wenye sukari nyingi, kisha humwambia, "Kunywa, mwanangu." Baada ya majuma kadhaa kijana analala, anaoga, anacheka na wadogo zake. Ni nani atakayethubutu kumwambia mama huyo kwamba amekosa?

Mimi sithubutu. Lakini kushindwa kumlaumu mtu si sawa na kusema kwamba alilotenda ni jema. Hebu tulipime.

Tuanze na dawa zenyewe. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao klopromazini. Mwaka 1958 haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji katika maabara ya Paul Janssen. Kabla ya miaka hiyo hapakuwa na kidonge cha kuzituliza sauti za namna ile. Tusiwasikilize, basi, wanaosema kwamba dawa hizi ni sumu tupu. Zimewarudisha watu wengi kwao.

Hata hivyo zina masharti yake. Haloperidoli, hasa siku za mwanzo, yaweza kumpinda mtu shingo, ikamkaza taya na kumgeuzia macho juu. Daktari anayo dawa ya kuyaondoa hayo upesi. Ajuaye kwamba anatumia haloperidoli atakimbilia zahanati. Asiyejua atasema amerogwa, na huenda ndugu zake wakakubaliana naye.

Lithiamu nayo ilianza kutumika upya kwa maradhi ya akili baada ya taarifa ya John Cade wa Australia, mwaka 1949. Katika dawa hii kipimo cha kuponya na kipimo cha kudhuru vimekaribiana mno, ndiyo maana damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Mtumiaji hutakiwa anywe maji ya kutosha, asipunguze chumvi ghafla, wala asimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni bila kumwuliza daktari. Akitapika, akiharisha, akitetemeka sana au akipepesuka, hana budi kwenda hospitali mara moja. Je, atayashika vipi masharti ya dawa asiyojua kwamba anaimeza? Mlinzi wa kwanza wa dawa ni mwenye mwili.

Tena vipo vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole tumboni. Ukivisaga, kipimo cha siku nzima humwingia mtu kwa mkupuo mmoja. Na kijana akiacha uji nusu bakuli, mdogo wake akaja kuumalizia, je?

Lakini liko lililo zito kuliko hayo. Kijana huyu husema, "Mnanitilia kitu kwenye chakula." Sisi humjibu kwamba hayo ni maradhi yanayosema. Kumbe katika neno hilo moja yeye ndiye msema kweli, na sisi tulio wazima ndio waongo. Siku atakapoona chembe nyeupe chini ya bakuli, maradhi yake yatakuwa yamepata shahidi, na shahidi huyo ni mama yake mzazi. Siku hiyo hatakataa dawa peke yake. Atakataa na chakula.

Msomaji ataniuliza: mtu aliyepotewa na akili aulizwe nini? Mtoto mchanga hatumpi dawa bila kumwuliza? Ni kweli. Tena zipo saa ambapo mgonjwa yuko karibu kujiua au kumwua mwenziwe, na hapo hapana budi kumshika, kumpeleka hospitali, na pengine kupigwa sindano asiyoitaka. Lakini nguvu hiyo hutumika mbele ya macho yake, kwa uamuzi wa daktari na chini ya sheria. Aliyeshikwa anajua nani kamshika. Anaweza kuteta, anaweza kukasirika, na akipona anaweza kusamehe. Aliyedanganywa kila asubuhi kwa uji hajui hata kama ana jambo la kusamehe.

Isitoshe, maradhi haya hupanda na kushuka. Siku za utulivu zipo, na hizo ndizo za kumwuliza: kidonge hiki kinakuudhi nini? Mara nyingi atakuwa na jibu la mtu mwenye akili zake. Kinamnenepesha. Kinamsinzisha kazini. Kimempunguzia nguvu za kiume, naye anaona haya kusema. Akielezwa hayo, daktari anaweza kupunguza kipimo, kuhamishia dawa usiku, kubadilisha dawa yenyewe, au kumpa sindano inayodumu majuma kadhaa, ambayo mgonjwa huipokea huku akijua. Siku hizo hizo mnaweza kuandika mapatano: nikianza kukesha, aitwe fulani, nikikataa dawa, nipelekwe mahali fulani. Hapo mgonjwa hujiamulia mambo yake kabla dhoruba haijafika.

Na mama je? Nadhani alificha kidonge kwa sababu aliachwa peke yake. Zahanati ni mbali, dawa mara ipo mara haipo, na ndugu wa mume huja kutoa maoni kisha wakaenda zao. Tukitaka aache kudanganya, yatupasa tuwepo usiku ule kijana anapovunja mlango. Pasipo hivyo, mahubiri yetu juu ya ukweli ni maneno ya watu walioshiba.

Kwa mama ambaye leo bado anakoroga, nasema hivi: usiikatize dawa ghafla kesho, kwa kuwa maradhi yanaweza kurudi kwa kishindo. Nenda kwa daktari au muuguzi, umweleze unavyofanya bila kuficha, mpange pamoja namna ya kumwambia mwanao. Yamkini atakasirika, na hasira hiyo ni haki yake. Siku ya kumwambia, sisi ndugu na majirani tuwe tumeketi mle ndani pamoja nawe.